Kurusha mshipi mbali ukiwa ufukweni: fundo kwanza, nguvu baadaye

Mpwa wangu alikuja Michamvi, pwani ya mashariki ya Unguja, na fimbo mpya ya kuvulia ya mita 4, mkono una nguvu kama wa mchukuzi wa bandarini, na kila akirusha, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) linakatika na kwenda zake peke yake. Akaanza kuilaumu fimbo. Fimbo haikuwa na neno. Haya ndiyo niliyomwonyesha, nayaandika kwa sababu wengine nao huniuliza yale yale.

Hatua ya 1: Fimbo na rili

Chukua fimbo ya mita 3.6 hadi 4.2 iliyoandikwa kuwa inabeba gramu 100 hadi 200. Ngumu sana usiichukue. Fimbo ambayo mkono wako hauwezi kuipinda haikurushii kitu. Rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, iwe kubwa, ya bobini (kile kibiringo kinachobeba mshipi) isiyozunguka wakati wa kurusha. Wapo wanaoapa kwa rili za ngoma, ambazo bobini yake huzunguka, na kweli zinapeleka mbali, lakini mtu anayejifunza akitiwa upepo wa kusi usoni atashinda anafumua nyuzi badala ya kuvua. Mimi simpi mwanafunzi.

Hatua ya 2: Kujaza mshipi

Jaza bobini mpaka ubaki kama milimita 2 kufikia ukingo. Ukijaza nusu, mshipi unasugua ukingo kila unapotoka na masafa yanakufa hapo hapo. Nailoni ya milimita 0.30 hadi 0.35 inatosha. Mshipi wa kusuka ni mwembamba zaidi, kwa hiyo unakwenda mbali zaidi, ila ukigusa tumbawe umekwisha. Kwenye mchanga mtupu, kama Vumawimbi kule Pemba, nautumia. Kwenye mawe, nailoni.

Hatua ya 3: Mshipi mnene wa mbele na fundo lake

Hapa ndipo watu wanapopotezea jioni nzima, kwa hiyo usiruke.

Unaporusha kwa nguvu, chubwi la gramu 150 linauvuta mshipi kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake. Nailoni ya 0.33 inamtoa samaki mzuri bila taabu, lakini mrusho mmoja wa nguvu unaikata. Dawa yake ni kuunga mbele kipande cha nailoni nene, hicho ndicho kibebe kishindo. Hesabu tunayotumia: kila gramu 28 za chubwi zinataka uimara wa kama kilo 4.5. Chubwi la gramu 150 basi linataka nailoni ya kilo 24 au zaidi, ambayo mara nyingi huwa kama milimita 0.70. Soma kilichoandikwa kwenye pakiti, unene peke yake usiuamini.

Urefu wake: uanzie kwenye chubwi, upande fimbo nzima, ufike kwenye rili, kisha uzunguke bobini mara 5 au 6. Kwa fimbo ya mita 4 mimi hukata mita 8 au 9, ili nikipunguza ncha iliyochubuka usiwe mfupi mara moja. Ukifika kwenye rili bila mizunguko, fundo na mshipi mwembamba ndivyo vinavyobeba kishindo, na hujafanya kitu.

Fundo lenyewe. Piga fundo la kawaida, moja tu, kwenye ncha ya mshipi mnene, usilikaze. Pitisha mshipi mwembamba ndani ya tundu lake, utoke kama sentimita 20, halafu kaza fundo la mshipi mnene kwa koleo. Sasa chukua ile ncha ya mshipi mwembamba, ikunje iwe kitanzi kando ya mshipi mnene, uipitishe ndani ya kitanzi huku ukiuzungusha mshipi mnene mara 6. Kama ni wa kusuka, zungusha mara 10, kwa sababu unateleza. Tia mate. Si ushirikina: nailoni ikikazwa kavu inapata joto la msuguano na kupoteza nguvu pale pale kwenye fundo. Kaza polepole, sogeza mpaka mafundo mawili yagusane, vuta pande zote mbili, kisha kata ncha. Ya mshipi mnene ikate mshazari ili isikwaruze pete za fimbo mshipi unamopita.

Lijaribu kabla ya kurusha. Funga mshipi kwenye mnazi, zungushia mkono kitambaa, rudi nyuma na uvute kwa uzito wa mwili. Likiteleza, lifanye upya. Halafu ukiuzungusha kwenye bobini, angalia fundo lisikae pale kidole chako kinaposhika mshipi. Litakuchana.

Mambo mengine yanayokata: nailoni iliyokaa dirishani pa duka ikipigwa jua, ukiivuta inakatika kama uzi wa kushonea; pete ya fimbo yenye ufa mdogo (pitisha pamba ndani yake, ikinasa una jawabu); na zile kulabu za swiveli (kiungo kinachozunguka ili mshipi usijisokote) za bei rahisi, ambazo hufunguka katikati ya mrusho. Chubwi la mpwa wangu lilikuwa limefungwa moja kwa moja kwenye mshipi mwembamba, hana kipande kinene hata shibiri.

Hatua ya 4: Chubwi na chambo

Chubwi refu lenye umbo la tone ndilo linalokata upepo. Plagi kuukuu ya gari ni nzuri kwenye mawe, iache inase, haina gharama. Hewani inapinduka-pinduka na haifiki popote. Uzi wa ndoana usizidi nusu mita. Ukiwa mrefu unajisokota njiani.

Dagaa mtupu hafiki, anachanika hewani. Tumia ngisi au mkono wa pweza, na ufunge kwa uzi wa mpira wa mafundi cherehani, mizunguko mingi, bila fundo.

Hatua ya 5: Kurusha

Tazama nyuma, kisha tazama mbele. Paje, Jambiani na Bwejuu maji yakitoka akina mama wako kwenye mwani, na chubwi lililokatika linaruka zaidi ya mita 100 na linaweza kuua. Kuna mtu mbele, hurushi.

Mguu wa kushoto mbele (kwa wa mkono wa kulia), uzito kwenye mguu wa nyuma, chubwi lining'inie kama mita 1.5 kutoka ncha. Anza taratibu. Mkono wa kulia unasukuma juu, na wa kushoto unavuta kitako cha fimbo kuja mbavuni. Huo wa kushoto ndio wenye kazi, na ndio wanaousahau wote. Macho yatazame juu, si baharini. Nguvu zote zije mwishoni.

Hatua ya 6: Wakati

Pwani ya mashariki ya Unguja mwamba wa nje uko mbali, kwingine zaidi ya kilomita moja. Hakuna mkono unaoufikia. Bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo ngoja yajae, samaki waje nayo. Wakati wa magharibi, jua likitua, kolekole akifukuza vibua huwa mita 30 kutoka mchangani, na anayerusha 100 anamruka. Tupa karibu kwanza.

Ukihamia pwani usiyoijua, muulize sheha au kamati ya wavuvi. Hifadhi ya matumbawe ya Kisiwa cha Chumbe haivuliwi, na Kisiwa cha Misali, Pemba, kina eneo lililofungwa.

Ukirudi nyumbani, kaza breki ya rili ndipo uioshe kwa maji matamu, maji yasiingie ndani. Ikishakauka, ilegeze.