Kutoa mikwaruzo kwenye rangi ya kigari cha modeli bila kuitoboa

Gari tuliloshughulikia ni Datsun 240Z ya kipimo cha 1:18, mfano wa ile Shekhar Mehta alishinda nayo mbio za magari za Safari Rally za 1973. Ni la mtoto wa dada yangu. Paa lilikuwa limejaa mikwaruzo ya mviringo, ile usiyoiona mpaka taa ipige kwa upande. Halikuanguka wala hakuna aliyelichokora. Ni kitambaa kikavu tu: vumbi la Nairobi lina mchanga, na ukilipangusa bila maji unaisugua rangi nao. Alitaka hatua zote kwa maandishi, ndizo hizi.

Kwanza elewa kazi yenyewe. Mkwaruzo hauondoki, unachoondoa ni rangi iliyo kando yake mpaka vilingane. Rangi ikishapungua hairudi. Ndiyo maana mimi huanza na kitu laini kuliko vyote, kikishindwa ndipo napanda ukali. Wako wanaokimbilia msasa moja kwa moja. Hao siwaelewi.

Hatua ya 1: Osha. Maji vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, brashi laini. Kausha.

Hatua ya 2: Jua unasugua nini. Tia polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, basi hakuna klia (safu angavu inayopakwa juu ya rangi) na unakula rangi yenyewe. Rangi ya kawaida itavumilia ukienda polepole. Rangi ya metaliki isiyo na klia usiipitishie msasa, maana zile chembe zinazometa zitaharibika na utabaki na baka. Rangi ya mati, yaani isiyong'aa, iache kabisa: ukiisugua itang'aa, na dawa yake ni kupuliza upya.

Kama ulipuliza mwenyewe, inuse. Ikiwa bado inanuka, ndani haijakauka. Rangi ya enameli huchukua wiki kadhaa, na baridi ya Julai hapa kwetu huzidi kuichelewesha.

Hatua ya 3: Ukucha. Upitishe kwa kukatiza mkwaruzo. Usipokwama, ruka uende hatua ya 5. Mikwaruzo mingi ni ya aina hiyo. Ukikwama, soma inayofuata yote kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya 4: Msasa wa maji. Hapa ndipo magari huharibika, kwa hiyo vumilia maelezo.

Nunua namba 2000 na 3000; namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi. Maduka ya rangi za magari ya Kirinyaga Road ni pa kuanzia kuulizia. Ukipata Micro-Mesh, msasa laini wa kitambaa, jihadhari na namba zake, hazilingani na za msasa wa kawaida: 1500 ya Micro-Mesh ni kali kuliko 1500 ya msasa. Atakayekwambia uanze na 800 mshukuru, kisha usimfuate.

Kata kipande cha ukubwa wa stempu, kiloweke kwenye maji yenye sabuni kidogo, ukizungushie kifutio cha penseli kwenye sehemu bapa. Kwenye mikunjo tumia kidole bila kukandamiza.

Kabla ya kusugua, bandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote: mistari ya milango, pembe za boneti, matuta juu ya magurudumu. Rangi ya majimaji ikipulizwa huvutwa itoke kwenye ncha, kwa hiyo pale huwa nyembamba kuliko kwingine, na mikono yako nayo hukandamiza hapo hapo bila wewe kujua. Mpigo mmoja tu na chuma au plastiki inachungulia. Funika pia maandishi. Gari la Safari limejaa namba na majina ya wadhamini, na yakiwa hayana klia juu yake, msasa utayafuta.

Sugua kwa mistari iliyonyooka, si duara. Namba 2000 iende mbele na nyuma, 3000 iende kwa kukatiza. Mistari ya kwanza ikiwa bado inaonekana chini ya ile ya pili, hujamaliza. Usihamie polishi ukitumaini itaficha. Itaing'arisha mistari hiyo na utarudi mwanzo.

Kila baada ya mipigo michache, kausha na uangalie kwa tochi ya simu iliyolazwa upande. Maji hudanganya, rangi iliyolowa yote inapendeza. Maji yakianza kugeuka rangi ya gari na gari lina klia, acha papo hapo: klia imekwisha.

Mkwaruzo wenye kina usiufukuze mpaka chini. Dondoshea rangi au klia kwa ncha ya kijiti cha meno, iinuke kidogo juu ya uso, iache siku kadhaa, ndipo uisawazishe kwa msasa. Na kama bado utaonekana kidogo, uache. Mstari mwembamba ni afadhali kuliko tundu.

Hatua ya 5: Polishi. Baada ya msasa uso utakuwa na ukungu, usiogope. Weka kompaundi (polishi yenye ukali kidogo) ndogo kama punje ya mchele kwenye kitambaa laini chenye unyevu, sugua, futa, rudia, kisha malizia na polishi laini zaidi. Mashine ndogo za kuzungusha sizitaki karibu na rangi. Joto lake hulainisha plastiki kabla hujalihisi. Dawa ya meno nayo ibaki bafuni, kwani hujui chembe zake zina ukali gani. Weupe ukiganda kwenye mistari ya milango, utoe kwa mswaki laini na maji.

Hatua ya 6: Nta. Safu nyembamba, futa. Lakini kama unakusudia kupuliza rangi au klia tena, usipake nta wala polishi yenye silikoni, maana rangi mpya itakataa kushika na itajaa vishimo.