Matembezi ya hisani: soksi na daftari

Mnaojiandaa kutembea Mwanza hadi Magu kuchangia kikundi cha vijana, hizo ni kama kilomita 60, kwa hiyo raba mpya ziacheni nyumbani. Vaeni zilizokwisha kuzoea mguu. Alfajiri pakeni mafuta mazito katikati ya vidole, na mkifika Kisesa vueni soksi hata kama hakuna kinachouma, kausheni miguu, vaeni nyingine kavu. Lengelenge huanza soksi ikilowa jasho. Mimi lilinitoka kisiginoni kabla ya Nyanguge, kila hatua ikawa moto.

Ahadi ziandikwe daftarini kabla ya safari, na pesa ziingie akaunti ya kikundi, siyo simu ya mtembeaji. Wapigieni walioahidi jioni ileile. Mkingoja wiki, ahadi hupoa.