Jinsi ya kuipekua namba kubwa kwa kalamu na karatasi

Ukinipa namba ya tarakimu nane sikimbilii kikokotoo. Nachukua kalamu nianze na vigawo tasa, maana ukishavipata hivyo, mengine karibu yote yanajileta. Tuipekue 87,539,319.

Inaishia na 9, basi ni witiri, na 5 haimo. Jumlisha tarakimu zake: 45. Inagawanyika kwa 9, tunapata 9,726,591. Jumlisha tena: 39. Kuna 3 nyingine humo; itoe, inabaki 3,242,197. Hii jumla yake ni 28, kwa hiyo 3 zimekwisha.

Kwa 7, 11 na 13 kuna ujanja ninaoupenda kuliko zote, unaotokana na 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata namba mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu: 197 − 242 + 3 = −42. Kwa kuwa 42 inagawanyika kwa 7 tu kati ya hizo tatu, umezijaribu zote kwa mpigo. Gawa kwa 7: 463,171.

Kuanzia hapa ni uvumilivu. 17, 19, 23 na 29 zinaacha baki. 31 inakubali, tunapata 14,941. Kipeuo chake cha pili hakifiki 123, basi usivuke hapo. 67 inakubali, inabaki 223, nayo ni tasa.

87,539,319 = 3³ × 7 × 31 × 67 × 223

Idadi ya vigawo: ongeza 1 kwenye kila kipeo, uzidishe. 4 × 2 × 2 × 2 × 2 = 64. Vipeo ni witiri, kwa hiyo si mraba wa namba kamili.

Sasa utamu wenyewe: je, ni jumla ya vipeo vya tatu vya namba mbili, a³ + b³? Kumbuka kwamba a³ + b³ = (a + b) × (a² − ab + b²), hivyo a + b lazima iwe kigawo cha namba yetu. Pia lazima izidi kipeuo chake cha tatu (444 na kidogo), na isivuke kipeuo cha tatu cha mara nne yake (704 na kidogo). Kati ya vigawo 64, vinavyoangukia hapo ni vinne tu: 469, 603, 651 na 669. Futa 469: namba yetu inagawanyika kwa 3, hivyo a + b nayo lazima igawanyike.

Jaribu 603. Namba ukiigawa kwa 603 ni 145,173. Hiyo ndiyo a² − ab + b², yaani (a + b)² − 3ab; basi itoe kwenye 603², yaani 363,609, ugawe kwa 3: 72,812. Hilo ndilo zao la a na b (a × b). Namba mbili zenye jumla 603 na zao 72,812? Tofauti yao ni kipeuo cha pili cha 363,609 − 4 × 72,812, yaani 269. Basi ni 436 na 167.

Kwa njia hiyohiyo 651 inatoa 423 na 228, na 669 inatoa 414 na 255. Njia tatu! Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye sifa hiyo kwa namba kamili chanya. Mwanahisabati John Leech ndiye aliyeigundua, mwaka 1957.