Kabla hujatoa upepo kwenye breki za pikipiki yenye ABS

Fungua kwanza kitabu cha pikipiki yako. Usijiambie breki ni breki tu: ABS ni mfumo unaozuia gurudumu lisigande unapobana breki ghafla. Kuna pikipiki ambazo breki ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa, na kitabu ndicho kinachosema uanze na nipo ipi, yaani kile kiskrubu cha kutolea upepo kwenye breki.

Mafuta: soma maandishi kwenye mfuniko wa kikopo cha breki. Mara nyingi ni DOT 4. DOT 5.1 yanachanganyika nayo, lakini DOT 5 ni ya silikoni na hayana kazi kwenye ABS, kwa hiyo ile nukta isikupite. Chupa iwe mpya, haijafunguliwa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani: DOT 4 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155.

Spana iwe ya ringi, saizi kamili. Nipo yenye kutu ipulizie dawa mapema. Weka maji karibu, maana mafuta ya breki yanakula rangi.

Sasa kikopo. Kisikauke. Narudia, kisikauke hata mara moja. Rafiki yangu alikuwa analegeza nipo huku msaidizi wake akibana leva, wakapiga soga mpaka kikopo kikabaki na povu chini. Wakajaza, wakaendelea, mapovu yakaisha, leva ikawa ngumu kama jiwe. Mtu gani angetilia shaka? Kesho yake nilikuwa nyuma yake tunashuka barabara ya changarawe. Nikaona taa yake ya breki imewaka, na pikipiki haipungui mwendo. ABS ilikuwa imefanya kazi mara moja tu, kisha leva ikalala hadi kwenye hendeli. Mtaro ndio uliomsimamisha, na mfupa wa bega ukavunjika.

Boksi la ABS lina pampu, vali na vijia vyembamba. Upepo ukishafika humo hujibana pembeni, mahali ambapo mafuta unayosukuma kwa leva hayapiti. ABS ikiamka, vali zinafunguka, pampu inazunguka, na upepo unatoka kuja kwenye breki wakati huohuo unapozihitaji. Dawa yake ni mashine ya kusoma mfumo, inayoendesha pampu na vali wakati wewe unatoa upepo. Ulizia mapema utaipata wapi, si baada ya kufungua nipo, na betri iwe na chaji ya kutosha. Wapo wanaokwenda penye changarawe wakabana breki ya nyuma mpaka ABS ifanye kazi, kisha wakatoa upepo upya. Kwa baadhi ya pikipiki inasaidia, lakini mimi mashine naiamini zaidi. Na hiyo ni ya nyuma tu. Ya mbele usiijaribu hivyo.

Mengine unayajua: geuza hendeli kikopo kikae sawa, funga nipo kabla leva haijaachiwa, usiikaze nipo kwa ubabe. Pedi zikilowa mafuta, badilisha. Taa ya ABS ikigoma kuzima ukishaanza kutembea, rudi. Jaribu kwanza mwendo wa kutembea kwa miguu, pasipo na watu, na usiifanye kazi hii jioni wakati mwenye pikipiki amesimama pembeni anauliza bado kiasi gani.