Kabla ya Kununua Kronografu ya Zamani Ukiwa Dodoma: Fundi Kwanza, Saa Baadaye

Anayeanza kukusanya kronografu za zamani kwa mfuko mdogo haumizwi sana na bei ya saa. Kinachomuumiza ni springi moja nyembamba kama unywele, iliyokatika ndani ya mashine ambayo kiwanda chake kiliacha kutengeneza spea miaka mingi iliyopita. Saa ya bei poa inageuka pambo la kabati, na fedha imeshaondoka. Kwa hiyo maandalizi yaanzie mbali na duka: kwa fundi, halafu kwenye mashine, halafu kwenye hesabu. Saa yenyewe ije mwisho.

Kronografu ni saa ya mkono iliyobeba kipima muda ndani yake. Unabonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu wa sekunde unaondoka; unakibonyeza tena, unasimama; kitufe cha chini kinaurudisha kwenye 12. Kazi hiyo inadai nyenzo, springi na magurudumu ya ziada yaliyopangwa juu ya mashine ya kawaida, na hiyo sehemu ya ziada ndiyo mafundi wengi hawajawahi kuifungua. Ukizunguka Majengo au Sabasaba ukaulizia fundi saa utaelekezwa, lakini kazi kubwa ya meza nyingi ni betri, mikanda na vioo. Usimpe mtu kronografu kwa kuwa tu ana meza na lenzi ya jichoni.

Muulize kwanza kama huwa anafungua mashine yote, kipande kwa kipande, au anaichovya nzima kwenye petroli na kuipuliza. Hiyo njia ya pili huacha uchafu kwenye matundu ya vito (vijiwe vidogo ambamo ncha za magurudumu huzunguka) na huosha oili bila kuirudisha mahali pake. Muulize na oili. Fundi anayejua kazi atakuonyesha angalau aina mbili, nyepesi ya magurudumu yanayokwenda kasi na nzito ya yale yanayobeba nguvu ya springi kuu; Moebius 9010 na Moebius D5 ni mfano wa jozi hiyo. Akikutolea oili ya cherehani, mshukuru na uondoke. Oili hiyo husambaa, na katika joto la Oktoba na Novemba itakuwa imeshahama kwenye kito na kufika kwenye springi ya balansi (gurudumu linaloyumba huku na huku kupanga mwendo wa saa), ambako huzigandisha duara zake na saa ikaanza kukimbia dakika nzima kwa siku. La mwisho, muulize kama ana kifaa cha kupimia mwendo. Bila hicho anakisia tu. Usipompata Dodoma, mtafute Dar es Salaam kabla hujalipia saa yoyote, na umtajie namba ya mashine unayokusudia.

Namba ya mashine ni muhimu kuliko jina lililoandikwa usoni. Mashine za Uswisi Valjoux 7733 na 7734 (hii ya pili ina tarehe) zilifungwa kwenye saa za majina mengi ambayo leo hayakumbukwi, na majina makubwa kama Breitling na Heuer nayo yalitumia mashine za ukoo huohuo. Kinachopandisha bei ni jina, na mwenye bajeti ndogo ana faida hapo: achukue lisilojulikana, apate mashine ileile. Poljot 3133 ya Moscow, iliyoanza kutengenezwa 1976, ilizaliwa na 7734. Sehemu nyingi zinafanana, lakini Poljot hupiga mara 21,600 kwa saa na 7734 mara 18,000, hivyo usidhani kila spea itaingiliana. Landeron 48 ni ya zamani zaidi na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini, ila ina tabia yake: kitufe cha juu huanzisha tu, na cha chini ndicho husimamisha kisha hurudisha. Asiyejua hilo hukibonyeza cha juu kwa nguvu akidhani kimekwama, na kweli anakivunja.

Upande wa Japani, Seiko 6139 ya kuanzia 1969 ni mlango mzuri. Inajijaza kwa mwendo wa mkono, na clachi yake, inayounganisha kronografu na mashine, ni ya wima, kwa hiyo mshale hauruki unapoanza. Zingatia mambo matatu. Haina mshale wa sekunde wa kawaida, hivyo kipima muda kikiwa kimesimama utadhani saa imekufa, isogeze sikioni. Haijazwi kwa kuzungusha kifundo cha pembeni. Itikise taratibu nusu dakika. Na fundi asiloweke gurudumu la kati la kronografu kwenye petroli, kwa sababu lina kilainishi cha kiwandani ndani ya clachi. Akikosea hapo, mshale utateleza na dakika hazitahesabiwa sawasawa. Mtu asiyetaka kabisa shida ya spea aanze na saa mpya yenye Seagull ST19 ya Tianjin, iliyotokana na Venus 175 ya Uswisi. Si saa ya zamani, lakini mashine yake ni ya mtindo wa zamani, na mkono unajifunza bila hofu.

Sasa fedha. Tuseme umetenga shilingi 1,500,000 na saa inatoka nje. Bei ya saa isizidi 700,000. Weka 450,000 kwa usafiri, ushuru wa forodha na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 18%, ambayo hukokotolewa juu ya thamani ya saa ikiwa imeshajumlishwa usafiri na ushuru. Zilizobaki, 350,000, ni za sevisi, na usiziguse hata muuzaji akiapa kwamba saa imetoka kwa fundi juzi. Bila risiti ya fundi, ihesabu kuwa haijasafishwa. Ukinunua hapahapa nchini, sehemu ya kodi iongeze kwenye sevisi badala ya kupandia saa ya bei kubwa. Muuzaji wa nje aandike thamani halisi kwenye kifurushi. Thamani ya uongo huchelewesha mzigo, na ukipotea utafidiwa kile kilichoandikwa.

Ukiwa na saa mkononi, iwe umeiona kwenye mnada wa Msalato au kwa mtu anayeuza vitu vya marehemu babu yake, tenga dakika 40. Anayekuharakisha, mwache na saa yake. Jaza ufunguo mizunguko 15 taratibu (Seiko 6139 itikise tu). Usikie mikwaruzo sawa, bila kuteleza. Anzisha kronografu. Kwenye Valjoux, Landeron na Poljot, mshale kuruka kidogo unapoondoka ni kawaida, kwa kuwa meno ya gurudumu moja yanaingia ubavuni mwa lingine. Saa nzima kusimama kronografu inapowashwa si kawaida: nguvu haitoshi, na sababu huwa oili iliyokauka au springi kuu iliyochoka. Iache iende hadi dakika 31. Wengi hupima dakika mbili wakaridhika, kumbe jino lililopinda linasubiri kwenye dakika ya 22. Kiuso kidogo cha dakika kiruke kila mara hadi 30 bila kusita.

Simamisha. Mshale usisogee hata nywele moja. Rudisha, kisha rudia mara tano, na hapa uangalie kwa makini sana. Ukitua pembeni ya 12 lakini mahali palepale kila mara, umefungwa vibaya tu, na ni kazi ndogo. Ukitua mara hapa, mara pale, umelegea kwenye kiini chake au nyundo ya kurudishia haifiki sawasawa. Punguza bei sana au achana nayo. Kamwe usibonyeze cha kurudisha wakati mshale unatembea, isipokuwa kwenye Landeron 48, ambako kitufe hicho husimamisha kwanza, au mashine iliyoundwa kwa hilo, kama Citizen 8110. Tarehe nayo usiibadilishe mishale ikionyesha kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, maana meno yake yanakuwa yameshashikana na ukilazimisha yanakatika.

Fungua mfuniko wa nyuma, au mtake muuzaji wa mbali akutumie picha ya mashine ikiwa wazi. Kwenye Valjoux tafuta namba chini ya balansi. Seiko ina namba mbili nyuma: ya aina, mfano 6139-6002, na ya mfululizo, ambayo tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Inayoanza na 74 kwenye 6139 ni Aprili 1977. Chini kabisa ya uso wa Seiko pana maandishi madogo yenye namba ya mashine. Yakikosekana, au herufi zikiwa nene na zenye wino uliosambaa, uso huo umepakwa upya. Viuso vidogo halisi mara nyingi vina mistari myembamba ya duara inayocheza na mwanga, na rangi mpya huizika. Kutu kwenye skrubu ni habari mbaya kuliko uso uliopauka. Saa zilizokaa pwani, Tanga au Zanzibar, zikaguliwe hapo zaidi, kwa sababu jasho na hewa ya chumvi hupita kwenye vitufe.

Rangi ya kung'aa gizani inataka tahadhari ya pekee. Saa za hadi miaka ya 1960 zinaweza kuwa na radiamu, ambayo mionzi yake bado iko hai ingawa mng'ao umekufa. Usifungue kioo, usikwangue, usipulize vumbi lake, na usiziweke karibu na watoto. Za baadaye zenye herufi T ubavuni mwa neno Swiss zina tritiamu, ambayo kwa umri wake haipaswi kung'aa sana. Ikiwaka kama taa, imepakwa juzi.

Mkanda usikusumbue, pima upana kati ya masikio (pembe zinazoshika mkanda), mara nyingi milimita 18 hadi 20, basi.

Dodoma ina faida ya hewa kavu, inayozilinda mashine dhidi ya kutu, na hasara ya vumbi, hasa upepo wa kiangazi. Vumbi likipita kwenye kitufe huchanganyika na oili na kuwa msasa. Kwa hiyo sevisi ya kwanza iende pamoja na mipira mipya ya mfuniko, kifundo na vitufe, na saa ilale kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na spika na redio, kwa sababu sumaku huifanya ikimbie ghafla. Maji isiyaone, hata kama nyuma imeandikwa mita 70. Mpira wa miaka 50 haujui maandishi.

Kabla ya kuipeleka kwa fundi, ilinganishe na saa ya simu kila asubuhi kwa siku saba, ukiandika sekunde ilizozidi au kupungua, ikiwa imelala chali na ikiwa imesimama wima. Ikirudi, ipime hivyohivyo siku saba nyingine. Ukitaka kuijaribu takimita (kipimo cha kasi kilichoandikwa kwenye bezeli, ile pete inayozunguka uso wa saa), panda basi la Singida na uanzishe mshale kwenye nguzo ya kilomita, uusimamishe kwenye inayofuata: sekunde 45 lazima zisome 80, yaani kilomita 80 kwa saa. Zikisoma kingine, bezeli hiyo si ya saa hiyo.