Namna ya Kuacha Sigara kwa Kuzitumia Faida Unazozipata Mwenyewe

Watu wengi wanaovuta sigara hawakosi habari za madhara yake. Onyo limechapishwa kwenye pakiti wanayoitoa mfukoni mara kadhaa kwa siku, na wengi wamewahi kumzika ndugu au jirani aliyekufa kwa maradhi ya kifua. Wanaendelea kuvuta kwa sababu maradhi hayo yanaonekana kuwa ya miaka mingi ijayo, ilhali hamu ya sigara ni ya sasa hivi na inataka jibu sasa hivi. Kwa hiyo mwongozo huu haurudii vitisho. Unaeleza faida ambazo anayeacha huzipata yeye mwenyewe, katika damu yake, pumzi yake na fedha zake, tangu saa za kwanza hadi miaka ya baadaye, na unaonyesha jinsi kila faida inavyoweza kumvusha kwenye ugumu wa kipindi chake.

Kabla ya siku ya kuacha

Anza kwa kuandika kwenye karatasi faida moja au mbili unazozitaka kwa dhati, na uziandike kwa maneno mahususi. "Ninataka afya njema" ni maneno mapana mno. Hayatakusaidia usiku utakapokuwa umekasirika na duka la jirani bado liko wazi. Muadhini au mwanakwaya anaweza kuandika kwamba anataka pumzi itakayomfikisha mwisho wa sauti yake bila kukatika. Fundi ujenzi anaweza kuandika kwamba anataka kupandisha ndoo ya zege bila kusimama njiani kuhema, na mzazi mwenye mtoto wa pumu anaweza kuandika kwamba anataka mtoto wake alale usiku kucha bila kubanwa kifua. Mwanamume aliyepungukiwa nguvu za kiume ana sababu yake pia, kwa kuwa moshi wa sigara huidhuru mishipa ya damu popote ilipo mwilini, na mwanamke anayetafuta mtoto ana sababu kubwa zaidi, kwa kuwa uvutaji hupunguza uwezekano wa kushika mimba na huongeza hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Karatasi hiyo iweke katika mfuko ule ule uliozoea kuweka pakiti.

Faida nyingine ya kuiandaa mapema ni fedha, nayo ndiyo ninayoitegemea zaidi kwa siku za mwanzo, kwa sababu huhesabika siku ile ile. Kwa kuwa wengi wetu hununua sigara moja moja dukani, hatuoni jumla yake. Mtu anayevuta sigara 10 kwa siku, kila moja kwa shilingi 200, hutoa shilingi 2,000 kwa siku, ambazo ni shilingi 60,000 kwa mwezi wa siku 30 na 730,000 kwa mwaka. Tumia bei ya dukani kwenu na idadi yako mwenyewe, kisha ulinganishe jumla hiyo na ada ya shule, mabati ya kuezekea au deni linalokusumbua. Nunua kibubu, na kila siku, saa ile ile uliyozoea kununua sigara ya kwanza, tumbukiza humo fedha ya siku nzima. Wapo wanaopenda kuweka akiba kwenye simu, lakini fedha ya kwenye simu hutoka kwa urahisi mno, na mtu anayeanza kuacha anahitaji kuushika uzito wa akiba yake mkononi. Mwenye duka naye mjulishe kwa heshima kwamba umeacha, na umwombe asikukopeshe sigara hata ukimwomba.

Chagua tarehe iliyo ndani ya majuma mawili yajayo, uwaambie watu wa nyumbani na wenzako wa kazini, na usiku wa kuamkia siku hiyo uondoe pakiti zote, viberiti na visahani vya majivu. Kwa Waislamu, Ramadhani ni nafasi ambayo sioni ikitumiwa vya kutosha. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta mfungaji hukaa takriban saa 13 bila sigara, na kwa muda huo kaboni monoksidi, gesi yenye sumu itokayo kwenye moshi wa sigara, iliyokuwa katika damu yake huwa imeshuka sana. Yaani hufika magharibi akiwa tayari ameupa mwili nafuu kubwa, kisha huipoteza kwa sigara ya baada ya futari. Anayetaka kuacha aelekeze nguvu zake zote kwenye saa hiyo moja. Afuturu, asiketi na wavutaji, aende kwenye tarawehe moja kwa moja, na kabla ya kulala aisome karatasi yake.

Siku tatu ngumu zaidi

Ndani ya dakika 20 tangu sigara ya mwisho, mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kushuka. Saa zinazofuata huiondoa kaboni monoksidi, gesi ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni na kuichukulia oksijeni nafasi yake. Gesi hiyo ikishatoka, moyo hauhitaji tena kufanya kazi ya ziada kuufikishia mwili hewa ile ile.

Nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, nayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, na kwa sababu hiyo siku ya pili na ya tatu huwa kali kuliko ya kwanza. Utapata hasira za haraka, usingizi wa kukatika, njaa, pengine kuumwa kichwa, na utashindwa kutuliza mawazo kwenye kazi. Dalili hizi ni za mwili unaojirekebisha, na kwa watu wengi hupungua sana ndani ya majuma mawili hadi manne. Hamu yenyewe haiji mfululizo. Huja kwa mawimbi, na kila wimbi kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache hata usipovuta. Kazi yako ni kuvuka dakika hizo: kunywa maji baridi polepole, ondoka mahali ulipo utembee, tafuna iliki au karafuu, piga mswaki, au mpigie simu mtu anayejua kwamba unaacha.

Kahawa inastahili tahadhari ya pekee. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini mwilini kwa haraka zaidi, kwa hiyo ukiacha kuvuta na ukaendelea na vikombe vile vile vya kahawa chungu au chai nzito ya rangi, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kukuletea mapigo ya moyo ya kasi, kukosa usingizi na wasiwasi. Wengi hudhani ni kukosa sigara kunakowatesa, wakarudi kuvuta, ilhali dawa ilikuwa kupunguza vikombe hadi nusu. Pombe na mirungi viepuke kabisa kwa majuma ya mwanzo, pamoja na kijiwe ambacho kila aliyeketi ana sigara mkononi. Rafiki wa kweli atakuelewa ukimwomba mkutane kwingine kwa muda.

Mtu akisema kwamba sigara humtuliza, hasemi uongo kuhusu anavyojisikia. Anachohisi, hata hivyo, ni kuondoka kwa fadhaa ambayo nikotini yenyewe ilimletea ilipopungua tangu sigara iliyotangulia. Uchunguzi wa watu walioacha umeonyesha kwamba baada ya majuma kadhaa wasiwasi, huzuni na msongo wa mawazo huwa chini kuliko walivyokuwa wakati wakivuta. Kati ya faida zote, hii ndiyo ambayo mvutaji huiamini kwa shida zaidi, na ndiyo inayofaa kurudiwa moyoni siku ya tatu.

Msaada wa dawa na njia za kuepuka

Si lazima kupambana kwa nia peke yake. Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limeziweka bidhaa za nikotini za kumsaidia mtu kuacha katika orodha yake ya dawa muhimu, na katika maduka makubwa ya dawa mijini unaweza kuulizia vibandiko vya ngozini au chingamu yenye nikotini. Hizi hutoa nikotini kidogo kidogo bila moshi, na moshi ndio uliobeba kemikali zaidi ya 7,000, zikiwamo takriban 70 zinazosababisha saratani. Chingamu hiyo haitafunwi kama ya kawaida: itafune taratibu mpaka uhisi ukali, kisha uiegeshe kati ya shavu na fizi mpaka ukali uishe, ndipo uitafune tena, na usinywe kahawa, soda au maji ya matunda kwa dakika 15 kabla yake. Mjamzito, mwenye maradhi ya moyo au anayetumia dawa za kila siku azungumze kwanza na daktari. Anayemeza aminofilini kwa ajili ya pumu au vidonge vya maradhi ya akili aeleze wazi kwamba anaacha sigara, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huongezeka katika damu mtu akiacha kuvuta, na huenda kipimo kikahitaji kupunguzwa.

Ugoro, tumbaku ya kuwekwa kwenye tambuu na shisha si mbadala. Mbili za kwanza hukuacha na uraibu ule ule na kukuongezea hatari ya saratani ya kinywa, na shisha ina moshi wenye sumu kama sigara. Kupunguza hadi sigara moja kwa siku nako hakuukingi moyo kama wengi wanavyotumaini, kwa kuwa sigara hiyo moja hubaki na karibu nusu ya hatari ya moyo anayoibeba mtu wa sigara 20.

Majuma na miezi inayofuata

Kati ya juma la pili na mwezi wa tatu, mzunguko wa damu na uwezo wa mapafu huongezeka. Jipime: chagua kilima au ngazi unazopita kila juma, uandike mahali unapolazimika kusimama kupumua. Ladha na harufu hurudi mapema kuliko pumzi, na chakula cha nyumbani huanza tena kunukia. Ladha hiyo hiyo, pamoja na njaa, huongeza uzito, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Tembea zaidi, weka matunda karibu, wala usikubali uzito huo uwe sababu ya kurudi, kwa kuwa faida kwa moyo inauzidi kwa mbali.

Kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo mwanzoni, vijinywele vidogo sana vya njia ya hewa vinapoanza tena kusukuma makohozi nje. Hata hivyo, kikohozi cha majuma mawili au zaidi, au chenye damu, jasho la usiku au kukonda, kinahitaji kipimo cha kifua kikuu katika kituo cha afya. Uvutaji huongeza hatari ya ugonjwa huo, na kuacha huipunguza.

Ukiteleza ukavuta sigara moja, usiihesabu juhudi yote kuwa imepotea. Angalia ulikuwa wapi, na nani, na umekunywa nini, urekebishe jambo hilo, na uendelee siku hiyo hiyo. Wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja.

Kwa mzee na kwa mgonjwa

Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya maradhi ya mishipa ya moyo hupungua kwa karibu nusu, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Wanaosema wamechelewa wanajibiwa na utafiti ulioanza Uingereza mwaka 1951, ambao Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wanaume kwa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba aliyeacha akiwa na miaka 30 alipata takriban miaka 10 zaidi ya kuishi, wa miaka 40 alipata 9, wa miaka 50 alipata 6, na wa miaka 60 alipata 3.

Aliyekwisha kuugua naye ana sehemu yake. Aliyepona mshtuko wa moyo akiacha sigara, hatari yake ya kufa hupungua kwa takriban theluthi moja, na mwenye kisukari huilinda miguu, macho na figo zake. Aliyepangiwa upasuaji ajitahidi kuacha angalau majuma manne kabla, ili kidonda chake kipone vizuri zaidi na mapafu yake yaistahimili dawa ya usingizi, na amwambie daktari tarehe kamili ya sigara yake ya mwisho.