Ubishi wa nguvu za Superman: anzia kwenye mwaka

Ubishi wa Superman ukiwaka kijiweni Sinza au nje ya kibanda umiza Mbagala, mara nyingi wabishi wanazungumzia watu wawili. Mmoja ana Superman wa vitabu vya katuni vya zamani, mwenzake ana wa movi ya juzi. Kwa hiyo kabla ya yote, ulizaneni: wa mwaka gani, na wa kitabuni au wa kwenye movi? Msipokubaliana hapo, mtakesha.

Mwaka unabadilisha mengi. Superman aliyetokea 1938, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster, alikuwa hapai kabisa. Alikuwa anaruka, na mruko wake mmoja ulitajwa kuwa moja ya nane ya maili, kama mita 200 hivi. Mpime pale Daraja la Nyerere, Kigamboni, lenye mita 680. Mruko wa tatu unamfikisha mita 600, kwa hiyo bado mita 80 na lazima aruke wa nne. Ngozi yake nayo ilikuwa na kikomo kilichoandikwa: kombora linalolipuka lingeweza kuipenya. Kupaa kulikuja miaka ya 1940. Ukimchukua huyo wa 1938 ukampa nguvu za mwenzake wa miaka ya 1960, aliyekuwa akisukuma sayari, umeunda mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwandika.

Ukishapata mwaka, tafuta chanzo cha nguvu zake, kwa sababu mipaka inatokana na chanzo. Mwanzoni maelezo yalikuwa kwamba watu wa Krypton, sayari alikotoka, wana miili iliyoendelea kuliko ya binadamu. Baadaye ikasemwa nguvu ya mvutano wa Dunia ni mdogo kuliko wa kwao. Miaka ya 1960 jua la njano, yaani hili letu, likashika nafasi kubwa kama linalompa nguvu. Kila jibu lina matokeo yake. Kama ni mvutano, mpeleke kwenye sayari nzito na anakuwa mtu wa kawaida. Kama ni jua la njano, jua jekundu linammaliza nguvu. John Byrne alipomwandika upya 1986, mwili wake ulikuwa unahifadhi nguvu ya jua kama betri. Huyo ukimfungia gizani hadhoofiki papo hapo. Swali la maana ni amekaa muda gani bila jua, na katika muda huo ametumia nguvu kiasi gani.

Udhaifu nao unachanganywa sana. Kryptonite, jiwe la kutoka Krypton, inamshambulia yeye hasa: mionzi yake inamdhoofisha na inaweza kumuua, na risasi, ile madini, inaizuia mionzi hiyo kama inavyozuia macho yake yasione ndani ya kitu. Ilisikika kwanza kwenye mchezo wa redio 1943, vitabuni ikaingia 1949, kwa hiyo usimpige nayo Superman wa 1938. Uchawi ni habari nyingine. Wengi husema uchawi ni sumu kwake, na hapo ndipo wanapokosea. Ugumu wa mwili wake haumkingi na uchawi, basi. Unampata kama unavyompata mtu yeyote.

Ushahidi upangeni hivi: alichofanya waziwazi ndani ya hadithi kiko juu, maneno ya mhusika yako chini yake kwa sababu wahusika hutishana na kujisifu, na picha ya jalada iko chini zaidi. Maneno ya mtafsiri wa movi yaacheni kabisa. Kazi yake ni kunogesha, na huongeza mambo ambayo hayamo.

Hoja ya “steringi hafi” ikataeni mapema. Superman aliuawa na jitu liitwalo Doomsday mwaka 1992, wakapigana hadi wote wawili wakaanguka. Vilevile “hajawahi kushindwa kuinua kitu” haimaanishi anainua chochote. Inamaanisha tu uzito aliokutana nao ndio tunaoujua.

Mkitaka kumpambanisha na mwingine, kwanza tajeni uwanja, jua lililopo, umbali kati yao, na kama kila mmoja anamjua mwenzake. Vitabu viwili vya kipindi kimoja vikipingana, shikeni jambo analolifanya mara kwa mara, na lile lililotokea mara moja mliweke kando.